Vazi la Yusufu na Macho ya Watu Kazini



Masomo: Mwanzo 37, 39 na 41, 1 Samweli 16, Danieli 6, Yakobo 2.

Kanisa letu lilipokea maneno matatu ya kutuongoza: Bolingo, Mibeko, Misala, ndiyo kusema Upendo, Amri na Kazi. Mahubiri mengi yanasimama juu ya neno la kwanza na la pili. Neno la tatu watu wanafikiri wamekwisha kulifahamu, kwa kuwa kila asubuhi kila mtu anatoka kwenda kutafuta mkate. Mwenye jembe anakwenda shamba, mwenye kinga anakwenda kubeba makala, mwalimu anakwenda shule, karani anakwenda biro, mfanyakazi wa reli anakwenda stesheni. Lakini tuangalie vizuri. Kazini ndipo Upendo na Amri vinapopimwa. Siku ya Yenga ni rahisi kumpenda ndugu aliye karibu nawe katika wimbo. Kesho yake, ndugu yule akipewa cheo ulichokitamani wewe, ndipo tutajua kama ulikuwa unampenda.

Wengi wanaleta kilio chao mbele ya wachungaji. Mmoja anasema: shefu ananichukia bila sababu. Mwingine: nimesingiziwa. Mwingine: wamenipita kwa sababu ya jina langu. Mama mmoja anasema: wenzangu wanacheka viatu vyangu na wanadhani sijui kazi. Kwa hiyo katika gazeti hili tunataka kusema juu ya jambo hili moja: mambo ya fitina kazini, jinsi watu wanavyohukumiwa kwa kutazamwa tu, na jinsi mtu wa Mungu anavyoweza kusimama asianguke.

1. VAZI LILILOSEMA UONGO MARA MBILI

Tunamjua Yusufu, mwana wa Yakobo. Alikuwa na umri wa miaka 17 wakati ndugu zake walipomwuza. Baba yake alikuwa amemshonea vazi zuri, na vazi lile liliwasha wivu nyumbani. Ndugu zake walilichukua, wakachinja mbuzi, wakalichovya katika damu, wakalipeleka kwa mzee. Hawakusema kwa midomo yao kwamba mnyama amemla. Walisema tu kwamba wameliona vazi lile, wakamwuliza mzee kama analitambua. Mzee akatazama, akalitambua, akaona damu, akamaliza hukumu yake mwenyewe: mwanangu ameliwa na mnyama. Alilia miaka mingi kwa ajili ya mtoto aliye hai.

Halafu Yusufu akafika Misri, nyumbani mwa Potifa. Kule alikuwa mfanyakazi. Alifanya kazi vizuri hata bwana wake akamwekea mali yote mikononi. Lakini mke wa bwana wake akamtaka, Yusufu akakataa, akakimbia, vazi lake likabaki mkononi mwa yule mama. Na tena vazi likapelekwa mbele ya mkubwa kama shahidi. Potifa akaliona vazi, akakasirika, na Yusufu akatiwa gerezani.

Wandugu, angalieni jambo hili. Vazi lilikuwa la Yusufu kweli. Damu ilikuwa damu kweli. Vazi la pili nalo lilishikwa kweli mkononi mwa mke wa Potifa. Kila kitu walichokiona kwa macho kilikuwapo, na hata hivyo hukumu zote mbili zilikuwa za uongo. Jicho halikukosa kuona. Lililokosekana ni kuuliza. Yakobo hakuuliza: ninyi mlikuwa wapi? Wala Maandiko hayatuambii kwamba Potifa alimwuliza Yusufu neno hata moja.

Hivi ndivyo fitina inavyofanya kazi mpaka leo. Mtu wa fitina hana haja ya kutunga uongo mkubwa. Anachukua kitu kidogo cha kweli, anakichovya katika damu ya mbuzi, anakipeleka kwa mkubwa, na anauliza kwa sauti ya upole: shefu, unakitambua hiki?

2. FITINA ZA BIRO NA ZA DEPO

Tuseme kuna fundi katika depo. Jana alichelewa saa moja kwa sababu mtoto wake alikuwa na malaria na alimpeleka hospitali. Mwenzake anayetamani nafasi yake anajua sababu, lakini anamwambia mkubwa neno moja tu: fulani amechelewa tena. Neno ni la kweli. Ile «tena» ndiyo damu ya mbuzi.

Tuseme kuna karani mwenye shati moja tu. Analifua jioni, analivaa asubuhi. Wageni wakifika, mkubwa anamficha nyuma na kumweka mbele yule mwenye kravati, hata kama barua zote ameziandika yule wa shati moja.

Tuseme kuna mwalimu mwanamke, kijana, mwenye umbo la kupendeza. Akipandishwa cheo, kinywa cha kwanza kinasema: tunajua alivyokipata. Hakuna aliyesoma madaftari ya wanafunzi wake. Wamemtazama, basi imetosha.

Tuseme mtu mpya anafika kutoka mbali. Kabla ya kumwuliza anajua kazi gani, watu wanamwuliza jina la baba yake na kijiji chake. Wakisikia jina, wamekwisha kujua kila kitu: kama ni mwizi, kama ni mwenye kiburi, kama ni «wa kwetu».

Danieli aliyaona haya kabla yetu. Mfalme aliweka maliwali 120 na juu yao wakubwa watatu, Danieli akiwa mmoja wa hao watatu. Alikuwa mgeni, mtoto wa mateka kutoka Yuda, na mfalme alifikiri kumweka juu ya ufalme wote. Wenzake wakatafuta kosa katika kazi yake. Walichunguza hesabu zake, hawakuona kitu. Ndipo wakasema katikati yao kwamba hawatampata ila kwa mambo ya Mungu wake. Tunapenda kumsifu Danieli kwa ajili ya tundu la simba, lakini tukumbuke sifa iliyotangulia simba: adui zake wenyewe walifungua vitabu vyake vya kazi na kukuta viko safi. Hakuna hirizi inayompita ulinzi huo.

3. MACHO YA WATAWALA MBELE YA TATA SIMON KIMBANGU

Sisi tulio wa Kanisa la Yesu Kristo Duniani kwa mjumbe wake wa pekee Simon Kimbangu, jambo hili ni historia ya nyumba yetu.

Tata Simon Kimbangu alikuwa mtu wa kazi. Kabla ya mwaka 1921 alikwenda Kinshasa kutafuta riziki kama vijana wengine, akafanya kazi katika kampuni ya mafuta. Tarehe 6 Aprili 1921 huduma yake ilianza kwa kumponya mwanamke mgonjwa kule Ngombe-Kinsuka, na watu wakaanza kumiminika Nkamba. Mwezi wa Mei mtawala wa eneo, Léon Morel, akafika kutazama. Aliona watu wanaimba, aliona miili inatetemeka, aliona wafanyakazi wameacha mashamba na kazi za wazungu ili kwenda kusikia Neno la Mungu. Kwa macho yake ule ulikuwa mwanzo wa uasi, na ndivyo alivyowajulisha wakubwa wake. Tena tuseme ukweli: aliyoyaona yalikuwapo. Watu walitetemeka, watu waliacha kazi. Lakini nabii yule hakushika bunduki, alifundisha watu kuacha sanamu za uganga, kuacha ndoa za wake wengi, na kumpenda hata adui.

Alikamatwa mwezi wa Septemba. Tarehe 3 Oktoba 1921, kule Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, mahakama ya kijeshi ilimhukumu viboko 120 na kifo. Hakuwa na wakili wa kumtetea. Mfalme Albert I akabadilisha hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na Tata akaletwa mbali na kwao, hapa kwetu Katanga, katika gereza la Elisabethville. Alikaa kule miaka 30, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951.

Fikirini mtu aliyepita siku moja karibu na gereza lile na kumwona mzee katika nguo za mfungwa. Angesema nini? Angesema: huyu bila shaka ameiba au ameua. Nguo zingemwambia hivyo. Na nguo zingemwambia uongo, kama vile vazi la Yusufu.

Tuongeze jambo lingine ambalo vijana wetu hawalikumbuki sana. Papa Joseph Diangienda Kuntima, mwana wa tatu wa Tata, aliyekuwa Kiongozi wetu wa kiroho mpaka kufa kwake tarehe 8 Julai 1992, alifanya kazi katika ofisi za serikali ya koloni. Serikali ile ile iliyomfunga baba yake. Wewe unayesema huwezi kukaa meza moja na mtu aliyekusengenya, fikiri juu ya kijana anayeingia kila asubuhi katika biro za wale waliomweka baba yake gerezani, anashika kalamu, anafanya kazi, na jioni anawatunza kwa siri waamini wa baba yake. Hakuwa mnyonge. Alijua anafanya kazi mbele ya nani.

4. RELI YETU NA JERAHA LETU

Sasa tuje hapa nyumbani. Mji wetu ulikua pamoja na kazi ya reli. Njia kutoka Bukama kwenda Port-Francqui, leo Ilebo, ilimalizika mwaka 1928. Mwaka 1956 Kamina ikaunganishwa na Kabalo. Kwa hiyo hapa kwetu njia zinakutana: moja inakwenda Lubumbashi, karibu kilomita 600, moja inakwenda Kasai, moja inakwenda upande wa Tanganyika na Kindu. Watu wa kila upande walifika kufanya kazi pamoja, walioana, walizaa watoto, walizikwa katika makaburi yetu.

Lakini reli hii iliona pia jambo la haya. Katika miaka ya 1992 na 1993, wakati jimbo letu lilipoitwa Shaba, wandugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Ilianza kwa nguvu kule Likasi katika mwezi wa Agosti 1992, ikafika Kolwezi katika mwezi wa Machi 1993. Mamia ya maelfu ya watu walitolewa katika nyumba zao na katika kazi zao. Walilala majuma na miezi katika stesheni na mashule, wakingoja gari la moshi la kuwapeleka Kasai, na gari lile lilipita hapa Kamina. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, hasa watoto. Na wengi kati yao hawakuwa wameiona Kasai hata siku moja: walizaliwa Katanga, lugha ya kwanza midomoni mwao ilikuwa Kiswahili hiki tunachokiandika hapa.

Watu walifundishwa kuwaita «bilulu», wadudu. Mtu akikwisha kumwita mwenzake mdudu, hana haja tena ya kumwuliza alifanya nini. Siasa iliwasha moto, ni kweli. Lakini tusidanganyane: kuni za moto ule nyingine zilitoka kazini. Mtu alitamani kiti cha mwenzake katika mgodi au katika reli, na jina la mwenzake likampa njia. Fundi aliyejua mashini kwa miaka 20 aliondoka na bahasha moja ya karatasi zake, na kiti chake kikapata mtu mwingine siku ile ile. Hata sisi Baluba wa upande huu na wale wa upande wa Kasai, wazee walitufundisha kwamba mizizi yetu ni moja. Haikusaidia.

Kwa nini tunarudia mambo haya sasa? Kwa sababu gari la moshi linaendelea kupita. Vijana kutoka Kasai wanapanda hata juu ya mabehewa ya mizigo, jua na mvua juu yao, kwenda kutafuta kazi Lubumbashi na Kolwezi. Wengine wanashuka hapa. Na maneno ya zamani tunayasikia tena, kwanza kama mzaha mbele ya mlango wa biro, halafu kama mnong'ono wakati wa kugawa kazi. Ndugu, mzaha ule ni mtoto wa nyoka. Ukiusikia kazini kwako, usicheke. Huna haja ya kutoa mahubiri. Sema tu: huyu ninamjua kwa kazi yake. Inatosha kuzima kiberiti kimoja.

5. NGUO YA KIJANI NA NYEUPE

Inatupasa kuangalia pia ndani ya nyumba yetu wenyewe. Sisi tunavaa kijani na nyeupe. Ni nguo ya heshima na tunaipenda. Lakini nguo hiyo inaweza kusema uongo namna mbili.

Inaweza kumfunika mtu mwenye moyo mbaya, anayepiga baragumu vizuri siku ya Yenga na kuwaandikia wenzake barua za uongo siku ya kazi. Watu wakimwona wanasema: mtu wa Mungu. Na inaweza kumfukuza mtu mwema ambaye hana makuta ya kununua kitambaa. Anafika na nguo yake ya shamba, miguu imechanika, na anaonyeshwa mahali pa nyuma. Yakobo katika sura ya pili aliwakemea waamini waliompa tajiri mwenye pete kiti kizuri na kumwambia maskini asimame kule. Alisema kwamba wamekuwa mahakimu wenye mawazo mabaya. Barua ile iliandikiwa wakristo.

Tena tunaingia katika sala bila viatu. Hatuvui viatu kwa ajili ya Mungu peke yake. Tukivua, kiatu cha direkta na kiatu cha mchuuzi wa sombe vinabaki mlangoni pamoja, na mtu anaingia na miguu aliyozaliwa nayo. Wazee waliojenga hekalu la Nkamba, lililofunguliwa tarehe 6 Aprili 1981, wanajua: wakati wa kubeba mawe, mwenye diploma na asiyejua kusoma walisimama mstari mmoja. Jiwe halimwulizi mtu cheo chake. Kazi inayofanywa hivyo ndiyo Misala.

Kumbukeni nabii Samweli alipofika nyumbani mwa Yese. Alimwona Eliabu, mrefu, mzuri wa uso, akasema moyoni: ndiye huyu. Na Samweli alikuwa nabii kweli. Mungu akamwonya kwamba mwanadamu anatazama sura ya nje, lakini yeye Mungu anatazama moyo. Kama jicho la nabii lilihitaji kusahihishwa, je, jicho letu sisi? Na yule aliyechaguliwa hakuwapo hata nyumbani. Alikuwa kazini, pamoja na kondoo.

6. KUVUMILIA SI KULALA

Sasa tuseme na wewe unayehukumiwa bila haki. Watu wengine wanafikiri uvumilivu ni kunyamaza na kukanyagwa kama mkeka. Sivyo. Tunawapa mashauri manne.

La kwanza: fanya kazi yako iwe safi. Yusufu gerezani hakusema: kwa kuwa nimeonewa, nitafanya kazi vibaya. Alitunza gereza kama alivyotunza nyumba ya Potifa. Wafanyakazi wa reli na walimu wa mji huu wanajua maana ya kukaa miezi bila mshahara. Ni jaribu kubwa, nasi hatulichukui kuwa jambo dogo. Dai haki yako pamoja na wenzako. Lakini usiharibu mashini, usiuze mafuta ya kampuni, usimwombe mzazi makuta ili mtoto wake apite darasa. Siku watakapofungua vitabu vyako, wakute kama walivyokuta vya Danieli.

La pili: usijibu fitina kwa fitina. Ukichukua nawe vazi la mwenzako na kulichovya katika damu, mmekuwa wawili wa kazi moja. Na usiende kwa mganga kutafuta dawa ya kulinda cheo au ya kumfunga shefu kinywa. Tata alituita tuache hirizi tangu mwaka 1921. Mtu anayeficha kitu chini ya meza ya biro lake amekwisha kukiri kwamba haamini kazi yake wala Mungu wake.

La tatu: sema kweli mahali panapofaa. Yusufu alijitetea. Alimwambia mnyweshaji wa Farao kwamba aliibiwa kutoka nchi yake na kwamba hakufanya neno la kumstahili gereza, akamwomba amkumbuke. Si dhambi kujitetea. Andika barua kwa heshima, weka tarehe, tafuta shahidi, pita kwa wakubwa wa kazi, pita kwa sendika. Mnyweshaji alimsahau miaka miwili. Wako naye anaweza kukusahau. Lakini neno la kweli lilikuwa limekwisha kusemwa, na siku yake ilipofika lilikumbukwa.

La nne: siku utakapopata cheo, usilipize. Yusufu alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Farao akamvika kitani nzuri. Ndugu zake wakafika kutafuta chakula, nao wakadanganywa na nguo kama wengine: waliona mkubwa wa Misri, hawakumwona ndugu yao. Sasa yeye ndiye aliyekuwa na kiti cha hukumu. Angeweza kuwahukumu kwa jinsi alivyowaona siku ile kando ya shimo. Hakuwahukumu hivyo. Aliwajaribu, akawasikiliza, akatafuta kujua kama mioyo yao imebadilika, akalia, akawapa chakula. Ninyi mlio mashefu, madirekta, wakubwa wa shule na wa depo, hiki ndicho kipimo chenu. Mtu akiletewa kwenu pamoja na vazi lenye damu, msiangalie vazi peke yake. Mwiteni mwenye vazi. Mwulizeni. Msikieni mpaka mwisho.

7. NA KAMA HAKI HAIKUFIKA?

Tusiwadanganye, wandugu. Hatusemi kwamba kila mvumilivu atavikwa kitani. Wengine wanangoja mpaka kaburi. Tata Simon Kimbangu hakutoka gerezani. Mama Mwilu Marie alichunga Kanisa kwa siri miaka ile yote bila mume, akafariki tarehe 27 Aprili 1959. Serikali ya koloni ililikubali Kanisa tarehe 24 Desemba 1959, miezi minane baadaye. Hakuiona siku ile kwa macho ya mwili. Na jamaa za waamini waliohamishwa mbali na kwao, ambao Kanisa letu linahesabu kuwa 37.000, wengi walizikwa ugenini.

Je, walipoteza? Hukumu ya Thysville ilikuwa na muhuri, na watu wote waliokuwamo ndani ya chumba walidhani imemaliza jambo. Lakini mwezi wa Aprili 1960 mwili wa Tata uliondolewa Elisabethville, ukarudishwa Nkamba kwa heshima. Tangu mwaka 2023 tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika nchi yetu nzima, kwa kumkumbuka yeye. Muhuri ule wa mahakama, nani anauogopa leo?

Kwa hiyo wewe uliyenyimwa cheo, wewe uliyechekwa kwa ajili ya viatu, wewe unayeitwa kwa jina baya kwa sababu ya kijiji cha babu yako, usiinamishe kichwa. Macho ya watu si mahakama ya mwisho. Nawe, ndugu, kesho asubuhi utakapoingia kazini na kumwona mtu ambaye moyo wako umekwisha kumhukumu, simama kidogo. Mpe mkono. Mwulize habari za nyumbani. Mwangalie akifanya kazi juma zima kabla ya kusema neno juu yake.

Tuombe: Ee Mungu Baba, wewe unayeona mahali ambapo jicho letu halifiki, safisha macho yetu. Watie nguvu walioonewa kazini, walinde wasiingie katika kisasi. Wape wakubwa wa kazi masikio ya kusikia. Ponya mji huu na reli hii, majina ya asili yasiwe tena mawe ya kutupiana. Utufundishe Upendo, Amri na Kazi, mpaka siku utakapotuvika vazi lisilosema uongo. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.